Kabla ya Kuwahesabu Wadudu wa Sosiani

Maji ya Mto Sosiani yanapofika Turbo yamekwisha kupitia mengi. Yametoka misitu ya Kaptagat, yamekatiza katikati ya Eldoret, mji uliokuwa na watu 475,716 katika sensa ya 2019 na kupewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Humo yamepokea maji taka, mabaki ya viwanda na sabuni ya wanaoosha magari kando ya mto, kisha yakateremka kupitia mashamba ya mahindi na mbolea zake. Karibu na Turbo mto huungana na Kipkarren, Kipkarren huingia Nzoia, na Nzoia humwaga vyote Ziwa Victoria. Ng'ombe hunywa humo. Watu hufua humo, na mifereji ikikauka huchota humo.

Hali ya maji kama haya kwa kawaida huulizwa maabara. Chupa inachotwa, inawekwa kwenye barafu, inapelekwa kupimwa oksijeni, fosfeti, nitrati na vijidudu vya kinyesi. Hupimwa pia kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuozesha uchafu, ambacho Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zilikiwekea kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa maji taka yanayoachiliwa kwenye mazingira. Vipimo hivyo ni vya lazima na sina ugomvi navyo. Lakini chupa hushuhudia dakika ile tu ilipochotwa. Anayefungulia uchafu saa nane za usiku, mvua ikinyesha, hakamatwi na chupa ya saa nne asubuhi. Mdudu aliyeng'ang'ania chini ya jiwe alikuwepo saa nane za usiku. Amekuwepo wiki kadhaa, wenzake wengine miezi, na maji yakiishiwa oksijeni hata usiku mmoja, anakufa au anachukuliwa na mkondo, na pengo lake huonekana muda mrefu baadaye.

Ndiyo maana wataalamu wa mito huingia majini na wavu. Mtu anatafuta mahali maji yanapokimbia juu ya mawe, anatega wavu upande yanakoelekea, anasugua mawe kwa mguu na kuuacha mkondo umletee. Akimwaga kwenye sinia jeupe, baada ya dakika mbili sinia lote linatembea. Macho yanatafuta kwanza jamii tatu. Ya kwanza ni Ephemeroptera, ambao wakishaota mbawa huishi siku moja au mbili tu, ilhali utoto wao wote wameumaliza majini. Baadhi yao wana mwili bapa na macho utosini, wapate kunata kwenye jiwe mkondo usiwabebe. Ya pili ni Plecoptera, ambao Afrika Mashariki wanawakilishwa na jenasi moja tu, Neoperla, wawindaji wenye mikia miwili na matamvua ya kupumulia kwenye makwapa ya miguu. Ya tatu ni Trichoptera. Wengi wa hao hujijengea ala ya mchanga na vijiti, wengine hufuma nyavu za kunasa chakula kinachopita. Wote hawa wakionekana kwa wingi na kwa aina nyingi, mto una afya. Wakitoweka, wakaacha sinia kwa nyungunyungu na funza wekundu wa Chironomidae, ambao wekundu wao unatokana na himoglobini inayowawezesha kuishi penye oksijeni haba, mto umeelemewa.

Elimu hii si ngeni Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret na Turbo. Mwaka 2009 Phillip Raburu, Frank Masese na wenzao walichapisha kipimo cha afya ya mito kinachotegemea viumbe hawa wadogo, kikiwa kimetengenezwa kwa ajili ya mito ya juu ya bonde la Ziwa Victoria upande wa Kenya. Mwaka huohuo ukatoka utafiti wa Masese na wenzake juu ya Mto Moiben, mto ambao bwawa lake la Chebara huwapa watu wa Eldoret maji ya mfereji. Tanzania, Lulu Kaaya na wenzake walichukua mfumo wa Afrika Kusini uitwao SASS wakaurekebisha ulingane na mito ya kwao, wakauita TARISS. Wavu tunao na wasomi tunao. Tatizo ninalotaka kulizungumzia linaanza pale sinia linapomwagwa.

Tuchukue mfano wa mezani. Katika SASS kila familia ya wadudu ina alama zake: wasioweza kabisa kuvumilia uchafu hupewa hadi 15, wavumilivu hupewa 1 au 2. Alama zinajumlishwa, kisha zinagawanywa kwa idadi ya familia, na wastani huo ndio unaotuambia mto uko katika hali gani. Tuseme wavu umeleta familia tano: Baetidae wa jamii ya Ephemeroptera, Hydropsychidae wale wafumaji wa nyavu, lava wa usubi, funza wa Chironomidae, na nyungunyungu. Usubi wana alama 5, Chironomidae 2, nyungunyungu 1. Hao hawana utata. Lakini Baetidae na Hydropsychidae wana masharti yao. Ikionekana spishi moja tu, familia hupewa 4. Zikionekana mbili, 6. Zikizidi mbili, 12. Basi kama aliyeshika sinia ameona spishi moja moja katika familia hizo mbili, jumla ni 16 na wastani ni 3.2. Mwenzake akilitazama sinia lilelile akaona spishi zaidi ya mbili katika kila moja, jumla ni 32 na wastani ni 6.4.

Mto ni uleule, siku ni ileile, wadudu ni walewale, na afya ya mto imezidishwa maradufu kwa sababu ya jicho la mtu. Baetidae wachanga wana urefu wa milimita chache. Kuwatofautisha kunataka darubini, kunataka kutazama matamvua ya ubavuni, sehemu za mdomo na kucha za miguu, na zaidi ya hayo kunataka kuwa na mdudu mwingine pembeni ambaye mtaalamu amekwisha kumtambua bila shaka. Mdudu huyo wa kulinganishia hapatikani kwenye intaneti wala kwenye kitabu cha picha. Makao yake ni makumbusho.

Kwa hiyo ninaposikia mradi umepima wadudu wa Sosiani na kuandika ripoti, swali langu la kwanza ni hili: wadudu wako wapi? Mara nyingi mno jibu ni kwamba walihesabiwa wakatupwa, au wamo kwenye chupa juu ya rafu ambayo mwanafunzi aliiacha alipohitimu, spiriti imekauka na karatasi ya jina imefutika. Ripoti ya namna hiyo ni kesi isiyo na kielelezo mahakamani. Shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa, lakini hakuna wa kumhakikisha. Miaka 20 baadaye, uainishaji ukibadilika na spishi moja ikigunduliwa kuwa tatu, hesabu zake haziwezi kurekebishwa, kwa kuwa hakuna wa kumtazama upya.

Kenya ina bahati ya kuwa na mahali pa kuweka vielelezo hivyo. Chama cha wapenzi wa viumbe wa Afrika Mashariki na Uganda kilianzisha makumbusho Nairobi mwaka 1910. Mwaka 1930 yakafunguliwa katika jengo jipya kwa jina la Coryndon, na leo ndiyo makao makuu ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yenye makabati ya wadudu waliokusanywa kwa zaidi ya miaka mia moja. Na kwa watu wa Turbo kuna ya karibu zaidi. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mkusanyaji wa kujitolea aliyeishi Kitale, alifungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mkusanyo wake pamoja na fedha za kujenga nyumba ya kuutunza. Desemba 1974 nyumba hiyo ikafunguliwa Kitale, ikiwa makumbusho ya kwanza ya aina yake bara nje ya Nairobi.

Sitaki kutia chumvi. Stoneham na wenzake wa zama zile hawakukusanya ili kupima maji. Walifuata vipepeo, mbawakawa, ndege, vitu vinavyong'aa ndani ya sanduku la kioo. Walifuata pia barabara na reli, kwa hiyo palipokuwa na stesheni au nyumba ya wageni pana wadudu wengi, na bonde lisilo na njia ni tupu. Kibandiko cha pini kikisema tu «Kitale» au «Eldoret», bila mto, bila mwinuko, hakimfikishi mtu kwenye jiwe lolote. Na spishi kutokuwepo kabatini si ushahidi kwamba haikuwepo mtoni. Huenda hakuna aliyeitafuta.

Ugumu mkubwa kuliko yote ni kwamba makabati ya zamani yamejaa wadudu wazima wenye mbawa, na wavu wa mtoni huleta watoto. Majina ya spishi yametolewa kwa wazima, na kwa Ephemeroptera na Trichoptera wengi wa Afrika Mashariki hatujui mtoto yupi ni wa mzazi yupi. Zamani njia ilikuwa moja, kumlea lava ndani ya chombo chenye maji yanayozunguka mpaka aote mbawa, kazi ya subira ambayo umeme ukikatika usiku inaharibika. Sasa kipande kifupi cha DNA kinaweza kuwaunganisha. Kinachukuliwa kutoka mguu mmoja wa mdudu mkavu wa zamani, kingine kutoka kwa lava wa jana, na vikilingana jina linapatikana. Hapa ndipo mkusanyo uliokusudiwa urembo unapogeuka kuwa chombo cha kazi kwa ofisa wa maji, bila mtu kumharibu yule mdudu wa zamani zaidi ya mguu wake.

Kundi moja la wadudu wa maji halina shida hiyo kwa kiasi kikubwa, nalo ni kereng'ende. Wazima ni wakubwa, wana rangi, hushika doria mchana kweupe juu ya maji waliyozaliwa, na wakusanyaji wa zamani waliwapenda. Elliot Pinhey, aliyefanya kazi Makumbusho ya Coryndon mwanzoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1961 orodha yake kubwa ya kereng'ende wa Afrika Mashariki, kazi iliyosimama juu ya vielelezo vya makumbusho. Juu ya msingi huo Klaas-Douwe Dijkstra na Viola Clausnitzer walitoa kitabu chao cha mwongozo mwaka 2014. Mwaka 2020 kikapatikana kipimo cha bara zima, ambapo kila spishi ya kereng'ende hupewa alama kuanzia 0 hadi 9 kwa kutazama mambo matatu: imeenea kiasi gani, iko hatarini kiasi gani, na inavumilia kiasi gani makazi yake yakivurugwa. Alama hizo haziwezi kutolewa bila kujua spishi ilikuwa ikipatikana wapi zamani, na hilo limeandikwa kwenye vibandiko vya pini.

Mwaka 2005 Clausnitzer na Dijkstra walieleza kwa mara ya kwanza kereng'ende wa vijito vya misitu ya milimani ya Kenya wakampa jina Notogomphus maathaiae, kwa heshima ya Wangari Maathai aliyetoka kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Lava wake wanahitaji kijito safi chenye kivuli cha msitu, na yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Msitu wa kando ya mto ukikatwa yeye huondoka, na wa chini ya mto wanabaki na maji ya tope. Mama Maathai alilisema jambo hilohilo kwa miti maisha yake yote.

Upo upande mwingine wa historia usiosemwa sana mito ya magharibi mwa Kenya inapojadiliwa. Tunapenda kudhani zamani mito ilikuwa safi, na kwamba tukirudi nyuma ya kutosha tutaukuta mto wa asili wa kulinganisha nao. Mwaka 1946 McMahon na Garnham walianza kumwaga DDT katika mito ya Kodera, kusini mwa Nyanza, ili kumwangamiza usubi Simulium neavei, anayeeneza upofu wa mtoni. Walifanikiwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 kazi hiyo ilikuwa imefanywa mto kwa mto katika maeneo ya ugonjwa magharibi mwa nchi. Watu wengi walinusurika upofu, na waliomwaga dawa hiyo sitawalaumu hata kidogo. Lakini DDT haichagui. Iliwapitia pia Ephemeroptera na Trichoptera waliokuwa chini ya mawe yaleyale, na katika mito mingi hakuna aliyekuwa ameorodhesha waliokuwemo kabla. Anayechukua takwimu za miaka ya 1960 kuwa kipimo cha mto salama anaweza kuwa anachukua mto uliokuwa ukijikongoja kupona. Mdudu aliyekusanywa kabla ya 1946, hata akiwa mmoja na kibandiko chake kimeandikwa vibaya, ana thamani isiyonunulika.

Kisa hicho kina jambo jingine. DDT ilipoanza kumwagwa hakuna aliyejua lava wa Simulium neavei wanaishi wapi. Walitafutwa kwenye mawe na majani, hawakuonekana. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitangaza katika jarida la Nature kwamba lava hao husafiri wamejishikiza kwenye kaa wa mtoni. Walifika hapo wakiwa wanachunguza usubi wa aina nyingine wanaojishikiza kwenye migongo ya Afronurus, Ephemeroptera bapa kama wale niliowataja. Siri ya ugonjwa uliowasumbua watu kwa vizazi ilifunguliwa na watu walioweza kutofautisha wadudu wadogo na kujali nani amempanda nani.

Karibu na kwetu zaidi, T. R. Williams na H. B. N. Hynes walichapisha mwaka 1971 uchunguzi wa viumbe wa vijito vya Mlima Elgon, wakitilia mkazo usubi. Kwa anayefanya kazi Turbo leo hiyo ni hazina, maana Elgon na Cherangani ndiyo milima inayoulisha Nzoia. Vijito hivyo vinaweza kurudiwa na wavu uleule, na popote vielelezo vya wakati ule vilipotunzwa vinaweza kuwekwa kwenye darubini moja na vya sasa.

Afrika Kusini wamekwisha kuonyesha jinsi kazi hii inavyofanywa kwa kiwango cha nchi. Makumbusho ya Albany, Makhanda, yanatunza mkusanyo wa taifa wa viumbe wasio na uti wa mgongo wa maji baridi, yakiwa yamerithi vielelezo vya uchunguzi mkubwa wa mito tangu miaka ya 1950, kama ule wa Mto Great Berg. Mark Chutter alichapisha kipimo chake cha kwanza cha mito mwaka 1972, na SASS ikatoka katika ukoo huo. Wakati alama zinatengenezwa, vielelezo vilikuwepo, na wataalamu wa Albany wangeweza kumwambia mpimaji kwamba jina hili ni sahihi na lile si sahihi. Sisi tumeazima alama bila kujenga kabati la kuzihakikishia.

Na kabati huja kujibu maswali ambayo aliyelijaza hakuyawaza. Mwaka 2025 watafiti wa makumbusho ya Naturalis, Leiden, Uholanzi, walitazama ala za Trichoptera zilizohifadhiwa kwa miaka mingi wakakuta chembe za plastiki zimejengwa ndani, na ya zamani kuliko zote ilikusanywa mwaka 1971. Aliyeiokota ala ile alitaka kujua spishi tu. Miaka zaidi ya 50 baadaye imekuwa ushahidi kwamba plastiki ilikuwa imeshaingia kijitoni wakati hakuna aliyekuwa akiitafuta. Nani anajua ala za Trichoptera wa Turbo zitaulizwa nini mwaka 2075?

Yanayohitajika si makubwa. Kila uchunguzi wa Sosiani na Kipkarren, uwe wa chuo kikuu, wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, wa kaunti au wa jumuiya ya watumiaji maji, uweke vielelezo vichache vya kila aina iliyohesabiwa. Viwekwe katika ethanoli ya asilimia 95 ikiwa DNA itatakiwa. Formalini iepukwe, kwa kuwa huiharibu DNA. Kibandiko kiwe cha karatasi ngumu, kiandikwe kwa penseli, kikae ndani ya chupa pamoja na mdudu. Wino huyeyuka kwenye spiriti, na kibandiko cha nje hubanduka. Kiseme nchi, kaunti, mto, mahali, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, na jina la aliyekusanya. Mdudu asiye na hayo ni mapambo.

Gharama hii iingizwe kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo. Wafadhili hulipia safari, posho na warsha, lakini fungu la spiriti, chupa na mshahara wa mhifadhi wa kuijaza tena spiriti inayopungua mwaka hadi mwaka hukatwa kabla ya yote. Kamati zinazoidhinisha tafiti zina uwezo wa kulibadilisha hili kwa sharti moja: ripoti ya wadudu wa maji isipokelewe kabla ya kutaja namba za vielelezo na makumbusho vilikowekwa. Mwanafunzi anayeanza baadaye atafungua droo na kulinganisha, badala ya kubahatisha kwa picha.

Wakati mzuri wa kuanza ni Januari na Februari, mto ukiwa umepungua na sehemu ya maji taka ndani yake ikiwa kubwa, kisha kurudi mvua ikikolea. Vituo viwe Kaptagat juu ya mashamba, kabla ya Eldoret, baada ya Eldoret, Turbo, na chini ya makutano na Kipkarren. Vielelezo vigawanywe mafungu mawili, visikae vyote chini ya paa moja. Makumbusho ya Taifa ya Brazili, Rio de Janeiro, yaliungua Septemba 2018, na wadudu wapatao milioni 5 wakateketea kwa usiku mmoja. Fungu moja la Sosiani liende Nairobi, la pili libaki Kitale au Chuo Kikuu cha Eldoret, mahali ambapo mpimaji wa Turbo anaweza kufika na sinia lake na kurudi nyumbani siku hiyohiyo akiwa na majina yaliyohakikishwa.